Wa Mbali au wa Karibu

"Mzee, unataka kuona mbali au kuona karibu?"

Mzee Burito aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya daktari. Maishani mwake alikuwa ameulizwa mengi, mengine hata na polisi, lakini swali hili lilikuwa jipya.

"Kwani haviendagi pamoja?"

"Vinaenda pamoja kwa jicho la kuzaliwa nalo. Hili tutakalokuwekea ni la dukani," daktari alisema, na watu waliokuwa wakisubiri mlangoni wakacheka. Alikuwa kijana mwenye subira, bahati ambayo si kila mgonjwa huipata. Akaeleza taratibu. Jicho la kushoto halitaguswa, maana jiwe la mgodini lilikwisha kulimaliza zamani. La kulia ndilo lenye mtoto wa jicho. Watakitoa kile kilichofanya ukungu, na mahali pake wataweka lenzi, kitu kidogo kisichozidi punje ya dengu. Ila lenzi za kawaida huona umbali mmoja tu. Akichagua ya mbali, ataona ng'ombe ng'ambo ya bonde na gari kabla halijamfikia, lakini maandishi na uso wa mtu aliyeketi naye vitakuwa na ukungu. Akichagua ya karibu, ataviona hivyo vya karibu, na ng'ombe wa ng'ambo watabaki vivuli.

"Ipo na ya kuona kote," daktari aliongeza, "ila hiyo tunaagiza, na bei yake ni ng'ombe mzima. Tena usiku taa zinaonekana zimezungukwa na duara. Wengine wanazoea, wengine wanajuta."

Nicolaus, mwanawe, aliyesimama nyuma ya kiti, alikohoa. Nyumbani Kiabakari ng'ombe alikuwa mmoja tu, na maziwa yake ndiyo chakula pekee ambacho mama yake bado aliweza kukimeza.

"Hiyo hapana," mzee alisema kabla mwanawe hajafungua kinywa.

"Basi andika mbali, daktari." Nicolaus alikuwa karani wa ghala la pamba huko Bunda, anaishi Nyasura, na kazi yake ilimzoeza kujibu kwa niaba ya wakulima. "Mzee anatembea sana. Barabara kubwa inapita pale pale kwetu. Aone magari."

"Nicolaus."

"Naam, baba."

"Jicho ni la nani?"

Mlangoni wakacheka tena. Nicolaus alihisi masikio yakiwaka moto.

"Nataka ya karibu," mzee alisema.

"Ya nini, baba? Karibu si utapewaga miwani?"

"Lini?"

"Baada ya wiki sita, jicho likishatulia," daktari alijibu. "Tukipima mapema vipimo vinadanganya."

"Wiki sita nyingi. Nataka kusoma kitabu cha nyimbo."

Nicolaus alimkodolea macho. Tangu utoto wake alimjua baba yake kanisani kama mtu wa kusinzia kuanzia wimbo wa mwanzo mpaka matangazo. Lakini angesema nini mbele za watu? Daktari aliwaambia watapima jicho kwa lenzi zote mbili, na siku ya upasuaji mzee mwenyewe atatamka neno la mwisho. Mgonjwa anayejua anachotaka, alisema, aachwe aseme.

Kitabu cha nyimbo kilikuwa kisingizio tu. Mzee Burito alitaka kumwona mke wake. Jenoveva alikuwa amerudishwa kutoka hospitali kubwa ya Mwanza na ini lake bovu, na safari hii hawakumwandikia tarehe ya kurudi. Aliyeelewa alielewa. Mzee hakuwa ameuona uso ule kwa miaka; ukungu ulikuja polepole, ukala tundu la sindano, ukala herufi, ukala nyuso, na alipokuja kushtuka alibakiwa na sauti na mkono. Mwanaume wa rika lake hasemi mambo kama hayo hospitalini, mwanawe akisikia. Ni rahisi zaidi kujifanya mwimbaji.

*

Jenoveva hakudanganyika hata kidogo.

"Kitabu cha nyimbo!" alisema, na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi. Recho, binti yao wa mwisho, aliyefunga genge lake la mboga ili amuuguze, alimwinua akamnywesha maziwa kwa kijiko. "Baba Nicolaus, tangu lini wewe ukaimba? Ulikuwaga unakoroma mpaka katekista anapandisha sauti."

"Mtu anabadilika."

"Chukua ya mbali."

"Nimeshasema."

"Mkaidi wewe."

"Ulijua hivyo ukanikubali."

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mahali pake pa kila jioni, mkono wa mkewe ndani ya mikono yake. Mkono ulikuwa umepungua tena tangu wiki iliyopita. Aliupapasa kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Mzee alipotoka kwenda kuoga, Jenoveva alimwita Nicolaus, ambaye alikuja kulala hapo ili kesho yake ampeleke baba yake Musoma.

"Rudishia mlango," alimwambia. "Mwanangu, huyu akichukua ya karibu ataniona mimi siku mbili tatu, halafu? Mimi nikishaondoka ataangalia nini karibu? Recho ataolewa. Nani atamshika mkono pale barabarani? Malori ya Sirari yale hayasimamagi kwa mtu."

"Nimemwambia, mama. Hasikii."

"Wewe ni mtoto mkubwa. Fanya awe wa mbali." Akavuta kitenge chake mpaka kidevuni. "Tena sitaki anione hivi. Nyie wote mnaniona nilivyo. Yeye peke yake ndo amebaki ananijua nilivyokuwaga. Mwacheni hivyo hivyo."

Nicolaus alitazama sakafu. "Nitajaribu, mama."

Kujaribu ni neno la mtu asiyetaka kuahidi. Mgonjwa alilipokea kama kiapo, akafumba macho akapumzika.

*

Asubuhi ya upasuaji benchi lilijaa wazee waliovalishwa magauni ya kijani yanayofungwa mgongoni. Ndugu waliambiwa wakae nje, upande wa dirisha. Mzee Burito hakuwa mtu wa kukaa kimya karibu na binadamu mwenzake, akamsalimia aliyekuwa kuliani kwake. Alikuwa Hamduni, fundi cherehani wa mjini.

"Mwenzangu umetokea wapi?" Hamduni aliuliza.

"Kiabakari. Nililala hapa hapa wodini."

"Aa, wewe wa mbali. Mimi wa karibu tu, Makoko hapo. Nimekuja kwa mguu, mjukuu ananivuta kama mbuzi wa mnadani."

Wakacheka. Kushoto mama mmoja alidakia kwamba hakuna wa mbali kama yeye, yeye ametoka Majita, na mvua ya juzi iliharibu njia. Basi ikawa ndiyo habari ya benchi zima: nani wa mbali, nani wa karibu, nani amelala kwa shemeji na nani kwa msamaria. Hofu ya kisu ikasahaulika.

Nesi akatokea na roli ya plasta na kalamu ya wino mzito. Foleni ilikuwa ndefu, na thieta walikuwa wameshaanza kuita. Kazi yake ilikuwa kubandika plasta juu ya jicho linalopasuliwa na kuandika herufi moja: M kwa lenzi ya mbali, K kwa ya karibu. Tangu alfajiri alikuwa amelirudia swali lake mpaka likachakaa, likabaki maneno machache.

"Babu, wewe wa mbali au wa karibu?"

"Wa karibu," alisema Hamduni, ambaye alikuwa na hamu ya kuliona tena tundu la sindano. Nesi akaandika K.

Mzee Burito alisikia, akaona ni sawa kabisa. Makoko ni karibu.

"Na wewe babu? Wa mbali au wa karibu?"

"Wa mbali, mwanangu," alijibu kwa adabu. "Tena mbali sana."

Plasta ikabandikwa, M ikaandikwa. Mzee alikwisha kufungua kinywa kumtajia Kiabakari, lakini akasikia swali limehamia kwa mama wa Majita. Akaona binti ana haraka. Akatulia, akasubiri wamuulize habari ya lenzi.

Nje, dirishani, Nicolaus aliiona ile M. Alijua kazi yake, maana nesi alikuwa amewaeleza ndugu wote. Alijua pia kwamba baba yake asingetamka mbali hata kwa kuchapwa. Palikuwa na kosa. Ilitosha kugonga kioo. Mkono wake uliinuka, ukafika usawa wa kifua, kisha akaisikia sauti ya mama yake: fanya awe wa mbali. Na sasa, bila yeye kufanya lolote, imekuwa. Akajiambia Mungu ana njia zake. Watu humsingizia Mungu mengi wanayoogopa kuyafanya wenyewe. Nicolaus alishusha mkono, akaenda kunywa chai.

Ndani, mzee alilazwa. Alitaka kusema neno lake, lile alilolibeba tangu Kiabakari, lakini walikwisha kumfunika kitambaa usoni na kumwambia asiongee wala asitikisike.

*

Kesho yake daktari alipobandua bandeji, Mzee Burito aliona ziwa. Lilikuwa pale nje ya dirisha, pana, linameremeta kwa jua la asubuhi. Aliona mawe makubwa ya ufukweni, na juu ya jiwe moja ndege mnandi ametandaza mabawa akiyakausha. Aliona shati jekundu kwenye kamba ya nguo. Machozi yakamtoka.

"Usilie, mzee, jicho bichi hilo!" daktari alisema akicheka, akapita kwa mgonjwa mwingine. Kazi ilikuwa safi.

Mzee akainua kiganja mbele ya uso. Hakukuwa na kiganja, palikuwa na wingu lenye vidole. Akamgeukia Nicolaus aliyeketi kitandani kwake. Uso wa mwanawe ulikuwa kama wa mtu aliye nyuma ya mvuke wa sufuria.

"Nesi, mbona karibu sioni?"

"Karibu utapata miwani, babu. Si ulichagua mbali?"

"Mimi nilisema karibu."

"Jamani, babu! Nimekuuliza mbele za watu, wa mbali au wa karibu. Ukasema wa mbali. Tena ukaniambia mbali sana."

"Ni kweli, mwenzangu, ulisema," Hamduni alisema kutoka kitanda cha jirani. Kisha akashika kidevu. Yeye alikuwa ameshaelewa.

Mzee naye alielewa. Benchi lilimrudia lote, Makoko na Majita na kicheko. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Yeye aliyekataa kusemewa na mwanawe, aliyeuliza mbele za watu jicho ni la nani, alipoachiwa aseme neno moja tu alijibu anatokea wapi. Akieleza, wodi nzima itaangua kicheko, na hadithi itafika Kiabakari kabla yake. Nicolaus atasema, ndo maana nilitaka nikusemee.

"Haliwezi kubadilishwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jicho si mlango wa duka, babu, kufungua na kufunga. Vumilia wiki sita."

"Haya. Nilisahau. Uzee huu."

Nicolaus alikuwa akikunja na kukunjua kona ya shuka. Hapo pia angeweza kusema. "Mbali ni vizuri, baba," alisema. "Utaona magari."

*

Nicolaus hakufika nyumbani. Walipofika Kiabakari alimshusha mzee, akamkabidhi kwa Recho kando ya barabara, akasema ghalani wanamhitaji, akaendelea na safari ya Bunda. Aliogopa mama yake asije akamshukuru.

Recho alipiga kigelegele, majirani wakatoka. "Wamekupa ya karibu, baba?"

Watu walikuwa wengi. "Ndiyo," mzee alisema. "Si nilisema karibu?"

Chumbani, Jenoveva aliisikia ile ndiyo. Basi Nicolaus ameshindwa. Alikuwa ameogeshwa na kupakwa mafuta, akafungwa kilemba kipya. Akakaza moyo.

"Hodi," mzee alisema mlangoni.

"Karibu."

Alisimama kizingitini, na pale kizingitini alimwona. Kitanda kilikuwa ukuta wa mwisho, na mwanga wa dirisha ulimwangukia usoni. Aliyaona macho yaliyogeuka manjano, mashavu yaliyobonyea, shingo iliyobaki mishipa. Aliliona pengo la meno ya mbele ambalo alikuwa amelisahau. Aliliona na lile kovu juu ya nyusi, la kijinga cha moto kilichomrukia mwaka waliooana. Alikuwa yeye mwenyewe, Jenoveva, na alikuwa anakufa. Mzee alishika mwimo wa mlango.

"Karibu basi, mbona umesimama?"

Akaenda. Kila hatua ilimnyang'anya kitu: kwanza kovu, kisha pengo, kisha macho. Alipoketi ukingoni mwa kitanda alikuwa ameushika mkono wa mtu wa ukungu.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Nimekwisha, eti?"

"Hujabadilika."

Jenoveva alijua ni uongo, na alimshukuru kimoyomoyo kwa kuusema.

Kuanzia siku ile mzee hakukaa tena kitandani. Alichukua kigoda akakiweka kizingitini, akakaa hapo asubuhi, akakaa jioni, jicho limemganda mkewe. Akimshika mkono hamwoni, akimwona hamgusi. Alikuwa amemgusa miaka yote ile ya giza. Sasa alitaka kumwona, na siku zilikuwa zinaisha.

"Mbona mlangoni kama balozi wa nyumba kumi?" Jenoveva alimuuliza. "Njoo hapa pako."

"Hapa kuna hewa," mzee alijibu, neno la kwanza lililomjia.

Hakujua alichosema. Alipotoka, Jenoveva alimwita binti yake. "Recho, sema kweli. Nanuka?"

"Hunuki, mama."

"Babako hakuwahi kukaa mlangoni. Alipokuwa haoni alikuwa anakaa hapa. Ameniona, ameogopa." Hakulia kwa sauti, hakuwa na nguvu hiyo. Alivuta kitenge cha majani ya kijani, akajifunika uso wote.

Mzee aliporudi kwenye kigoda chake hakuona uso. Aliona kitenge. Alidhani ni usingizi. Siku iliyofuata kilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata. Mkewe alikifunua pale tu Recho alipomnywesha maziwa, na kabla ya hapo aliuliza, "Yupo mlangoni?" Akiwepo, aliomba mlango urudishiwe.

Recho alimfuata baba yake nyuma ya jiko. Alikuwa mtoto wa adabu, lakini alikuwa amechoka.

"Baba, mama anaumia. Ulikuwa unamshika mkono kila siku. Umepata macho, umemkimbia. Afadhali ungebaki vile vile."

"Nani kakwambia nimemkimbia?"

"Kila mtu anaona. Hata mama mkubwa Ghati aliona alipokuja kumjulia mama hali."

Mzee alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, machache tu: wamenipa ya mbali. Lakini alikuwa ameshawaambia majirani kinyume chake, na huyu hapa ni mtoto wake wa kuzaa. Akainama akaokota kuni ambayo hakuna aliyeihitaji.

Recho alimpigia simu kaka yake, akamweleza yote: kigoda, hewa, kitenge. 

"Baba amesema ana jicho la karibu?" Nicolaus aliuliza.

"Ndiyo. Kwani si la karibu?"

Kwenye simu, maneno mengine ni mazito kuliko gunia la pamba. "Nitakuja Jumamosi," Nicolaus alisema. "Kuna kitu nitakuja kuwaeleza."

*

Alhamisi mzee alishindwa. Aliingia bila hodi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akautafuta mkono mpaka akaupata. Ulikuwa wa baridi. Akainamia pale alipodhani sikio lipo chini ya kitenge.

"Mama Nicolaus. Nilikudanganya. Walinipa ya mbali. Waliniuliza wa mbali au wa karibu, nikafikiri wanauliza kwetu ni wapi. Mimi mjinga. Hapa nilipo sikuoni. Mlangoni ndo nakuonaga, kovu lako lote, meno, kila kitu. Sikukukimbia. Funua uso nikuone."

Alingoja. Kitenge kilipanda na kushuka kwa pumzi. Tangu asubuhi Jenoveva alikuwa kwenye ule usingizi ambao Recho alishindwa kumwamsha hata kwa maziwa, na hakuna ajuaye kama maneno yalimfikia. Mkono haukujibu.

Angeweza kukifunua kitenge kwa mkono wake. Hakuthubutu. Mkewe alikuwa amejifunika kwa sababu yake, na alihisi hana haki ya kumfunua bila ruhusa. Alirudi kizingitini, akaketi kwenye kigoda, akatazama majani ya kijani mpaka giza likaingia. Ijumaa, kabla ya mchana, Recho alitoka chumbani ameshika kichwa kwa mikono miwili.

*

Siku ya maziko turubai lilifungwa mbele ya nyumba, na jeneza likawekwa juu ya stuli mbili, upande wa uso umefunguliwa. Watu walitoka Butiama, wengine Bunda na Musoma. Nicolaus alikuwa ameshughulikia kila kitu, kama inavyompasa mtoto mkubwa, na kwa kila kitu alichoshughulikia alipata sababu ya kutokukaa na baba yake.

Katekista alitangaza kuaga. "Tunaanza na familia. Mzee Burito, karibu."

Mzee alisogea, ameegemea fimbo. Alifika karibu na jeneza, akainama, akatikisa kichwa. Kisha, mbele ya watu wote, akaanza kurudi nyuma. Alirudi hatua moja, nyingine, tena nyingine, akawapita waombolezaji, mpaka kisigino kikagonga baraza la nyumba yake. Akapanda barazani, akasimama pale kizingitini, ananyoosha shingo juu ya vichwa vya watu.

Minong'ono ikaenea. Mama mkubwa Ghati, dada wa marehemu, hakunong'ona.

"Mnamwona? Anakimbia maiti ya mkewe! Hata akiwa hai alimkimbia, alimkalia mlangoni kama mwizi!"

Recho alificha uso kwa aibu. Hapo Nicolaus alimshika mkono, na maneno yakamtoka bila mpangilio.

"Hakimbii. Karibu haoni. Ana jicho la mbali, Recho, walikosea. Niliona wanakosea, nikanyamaza. Mama aliniomba awe wa mbali. Nilikuwa nije niwaambie Jumamosi."

"Leo ndo Jumamosi," Recho alisema.

Alimtazama kaka yake. Alikumbuka nyuma ya jiko, na kuni iliyookotwa. "Mlangoni," alisema, kama anayejisemea. "Kumbe mlangoni ndo alikuwa anamwona." Kisha akauondoa mkono wake kwenye mkono wa Nicolaus, akaenda mbele, akasimama kati ya watu na jeneza.

"Naomba mpishe," alisema. "Baba anamuaga mama."

"Si yuko kule?" katekista aliuliza.

"Kule kule. Mpisheni aone."

Watu wakapisha, polepole, kila mmoja na wazo lake. Viti vikavutwa. Ikabaki njia tupu kutoka barazani hadi kwenye jeneza. Recho akawaomba vijana wawili wainue kidogo upande wa kichwa, wakainua.

Uso ulikuwa wazi, na leo hapakuwa na wa kuufunika. Mzee Burito alimtazama mkewe. Alimtazama kilemba, mashavu, kovu juu ya nyusi. Hakuna aliyekohoa, hata Ghati. Alitazama mpaka mikono ya vijana ikaanza kutetemeka, nao hawakuthubutu kushusha.

"Basi," alisema. "Nimemwona."

Akashuka barazani, akaja kwa ile njia aliyofunguliwa. Kila hatua mkewe alizidi kupotea, na alipofika kwenye jeneza hapakuwa na kitu mbele yake ila wingu. Akaegesha fimbo. Akanyoosha mkono, akapapasa mbao, akapapasa kitambaa, mpaka vidole vikaupata uso, vikapanda taratibu hadi juu ya nyusi, vikatulia pale kwenye kovu.

"Fungeni sasa," alisema, lakini mkono hakuutoa.